Matobolwa mfukoni, Mwanza hadi Bunda usiku

Tumeingia Bunda alfajiri kwa baiskeli, tumetoka Mwanza jana jioni. Kilichonibeba ni matobolwa! Viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa: vyepesi, haviharibiki njiani, unatafuna taratibu huku unaendesha. Mwili unataka kama gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa, kwa hiyo kula kabla njaa haijauma. Karanga ziwe kidogo, mafuta huchelewa kusagika tumboni. Maji nilitia chumvi kidogo na sukari. Tyubu ya akiba, viraka, pampu, taa mbili. Na sweta jamani, baridi ya saa tisa usiku si mchezo! Lamadi ni jirani na Serengeti, wanyama huvuka barabara, hapo tulikwenda pamoja bila kuachana.