Nani bado anatumia vitabu hivi?

Wiki hii ofisi imehamia ghorofa ya juu, mteja wa daraja hatimaye katia saini, na Baba karuhusiwa kutoka hospitali. Lakini kinachonikereketa ni maneno ya kijana wetu mpya, mbele ya maboksi yangu ya vitabu vya zamani vya kupigia hesabu majengo ya zege.

“Dada, hivi nani bado anatumia hivi?”

“Mimi.”

“Lakini hata majengo yaliyopigiwa hesabu humo si yalishakufa zamani?”

Aliuliza kwa adabu, wala hakukejeli, na ndiyo maana yamenikaa. Nikioga namjibu. Nikiendesha gari namjibu tena. Yamekufa vipi? Jengo la zege la Ingalls kule Cincinnati, Marekani, ghorofa 16, lilikamilika 1903 na hadi leo limesimama, na ndani yake mna nondo za mraba zilizosokotwa, zile mhandisi Ransome alizopatia hataza 1884. Anayetumwa kukagua jengo la umri huo atajuaje aliyelisanifu aliwaza nini? Programu zetu za kompyuta zinajua nondo za leo zenye mbavu. Nani ataziambia kwamba vitabu vya Marekani vya enzi zile viliruhusu chuma kibebe pauni 16,000 tu kwa inchi ya mraba, zege pauni 650, na kwamba chuma kilihesabiwa kuwa kigumu mara 15 kuliko zege?

Jana usiku nikakifungua kile chenye jalada la kijani, alichoniachia Mzee alipostaafu. Pembeni mwa mfano wa boriti kuna hesabu zake za penseli, tarakimu ndogondogo zimepangwa wima. Nikachukua karatasi nikamfuata. Kwa namba hizohizo, mstari usio na mkazo, pasipobanwa wala kuvutwa, unakaa kwenye 0.379 ya kina, kuanzia upande unaobanwa, na nondo zinatoka asilimia 0.77 ya eneo la mkato wa boriti. Hapo chuma na zege vinafika kikomo kwa pamoja, hakuna kinachomtangulia mwenziwe. Jamani, ni hesabu nzuri! Unaiona boriti ikifanya kazi, hatua kwa hatua, kwa mkono wako mwenyewe. Nililala saa nane nikiwa na furaha tele.

Vitabu nimeshavipatia rafu. Ila Baba anagombana na Mama kila akipewa dawa, na kliniki yake imeangukia Jumatatu, siku tunayomwaga zege la msingi. Mdogo wangu yuko safarini. Sijui nani atampeleka.