Jina Langu Kwenye Vitu Vyangu

Mtu akiniuliza utaifa ni nini, mimi hujibu kwa vitu. Laini ya simu. Chombo cha baba. Cheti cha shule. Kwa miaka mingi vitu hivyo vilikuwa vyetu, lakini majina yaliyoandikwa juu yake yalikuwa ya watu wengine.

Mimi ni Mpemba wa Kilifi, pwani ya Kenya, mama karanga, nakaanga samaki na kuuza. Babu yangu alikuja huku miaka ya 1940 na upepo wa kusi, kwa dago. Wavuvi wanalijua dago: unatoka kwenu na nyavu na sufuria, unapiga kambi pwani ya watu, unavua msimu mzima, kaskazi ikianza kuvuma unarudi. Wengi walirudi. Babu alioa.

Siku alizokuja, huku na Pemba kulikuwa chini ya Sultani mmoja. Ukanda wa Pwani, maili kumi kutoka baharini, ulikuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, na Waingereza waliusimamia kwa mkataba wa 1895. Bendera nyekundu iliyopepea Unguja ndiyo iliyopepea Fort Jesus, Mombasa. Oktoba 1963 ikakubaliwa kwamba ukanda huo utakuwa sehemu ya Kenya. Zanzibar ikapata uhuru tarehe 10 Desemba, Kenya tarehe 12. Mwezi uliofuata yakaja Mapinduzi, na Wapemba wengine wakavuka kuja huku wakikimbia. Babu wakati huo alikuwa na mke, watoto na shamba la minazi la kupangisha. Hakuna aliyemwambia kwamba kuna fomu ya kujaza.

Kwa hiyo baba akazaliwa huku na hakupata kipande, yaani kitambulisho cha taifa. Nami nikazaliwa huku, nikawa vivyo hivyo.

Jambo hili hukera watu wanapolisikia, hudhani ni uzembe wetu. Katiba ya 2010, kifungu cha 14, inasema wewe ni raia wa kuzaliwa ikiwa siku uliyozaliwa mamako au babako alikuwa raia. Kuzaliwa ndani ya Kenya peke yake hakukupi kitu. Basi mzazi akikosa, mtoto hukosa, na mjukuu, na kitukuu, hata wakizaliwa wote kwenye hospitali moja ya serikali.

Nilipofika darasa la nane shule ilitaka cheti cha kuzaliwa ili niandikishwe mtihani. Pasipo kipande cha mzazi, cheti hakikutoka. Jirani yetu Mgiriama, ambaye nilimwita ami tangu sijajua tofauti ya ami wa damu na ami wa mlango wa pili, akaenda akaandikwa yeye kuwa mzazi wangu. Hakutaka hata shilingi. Alimwambia baba, "Mtoto huyu mchana anakula kwangu na usiku anakula kwako. Uongo uko wapi hapo?" Nikafanya mtihani, nikapita. Cheti kilipokuja nyumbani, baba, ambaye hakujua kusoma, alikishika muda mrefu kisha akaniuliza jina lake liko mahali gani.

Nimefikiria swali lile zaidi ya jambo lolote nililofundishwa darasani. Ami alinipa kila kitu ambacho jirani anaweza kumpa mtoto wa mwenzake. Mbele yake sikuwahi kuwa mgeni siku moja: tulizikana, tuliozana, tulikopeshana unga. Kama utaifa ni kukubaliwa na watu unaoishi nao, basi sisi tulikuwa nao kabla sijazaliwa. Lakini ilibidi baba afutwe ili mimi nisome. Ndiyo maana simwelewi mtu anayesema karatasi si kitu, na kwamba uraia wa kweli uko moyoni. Mwenye maneno hayo ana kipande mfukoni.

Chombo nacho kilikuwa hivyo. Baba alikinunua kwa jasho lake, leseni ikatoka kwa jina la mtu mwenye kipande, wakawa wanagawana. Walipokosana, yule mtu akasema chombo ni chake, na karatasi zikamuunga mkono. Baba hakuwa na mahali pa kushtaki. Angeingia kituo cha polisi kudai mali, swali la kwanza lingekuwa kitambulisho, na yeye ndiye angelala ndani. Alirudi kuvua kwa mshipi kwenye ngalawa za wenzake mpaka alipofariki, 2019.

Simu yangu niliisajili kwa jina la rafiki. Pesa za samaki zilipoingia M-Pesa, ziliingia kwake. Ni mwaminifu, Mungu amlipe, lakini laini ilipopotea akiwa Lamu kwa arusi, nilikaa bila hela yangu mwenyewe mpaka arudi.

Mwaka 2011 ilipitishwa sheria ya uraia iliyofungua mlango kwa wasio na nchi walioishi Kenya mfululizo tangu 12 Desemba 1963. Mojawapo ya masharti ni kujua Kiswahili au lugha ya kienyeji. Sisi ni watu wa Kiswahili toka enzi. Na bado, kwenye vizuizi vya barabarani, ni Kiswahili chetu hicho kilichotutia matatani: askari akikusikia unavyovuta maneno Kipemba, anakuambia shuka. Mama aliacha kabisa kuzungumza ndani ya matatu. Alimwachia kondakta nauli kamili mkononi ili asiulizwe neno.

Waliotuamsha ni Wamakonde wa Kwale. Babu zao walitoka Msumbiji kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa, nao walikuwa kama sisi, vizazi kwa vizazi bila kipande. Oktoba 2016 wakaamua kwenda Nairobi kwa miguu kumwona Rais. Wakapewa. Wakafuata Washona, waliokuja miaka ya 1960 na dini yao kutoka Zimbabwe, wakapata vyeti vyao 2021. Zamu yetu ikafika Julai 2023, Rais alipokuja Kilifi. Wakati huo Wapemba wa Kenya tulikadiriwa kuwa takriban 7,000.

Nilifurahi, na sitaki mtu adhani vinginevyo. Lakini liko jambo ambalo bado linanikaa kooni. Ili tuwe raia, ilibidi kwanza tutangazwe kuwa jamii mojawapo ya Kenya, kama Wamakonde walivyoitwa kabila la 43. Sisi hatukuwahi kujiona kabila. Tulijiona Waswahili wa Pemba, watu wa bahari. Inaonekana kwetu Kenya mlango wa taifa unapitia kwenye kabila, na asiye na kabila la kumbeba hana pa kupitia. Je, mwanamke mmoja asiye na kundi, aliyezaliwa Malindi na wazazi wasiojulikana walitoka wapi, atatembea kwa miguu hadi Nairobi peke yake? Nani atamwangalia?

Mimi na mume wangu, Mpemba mwenzangu, ni raia kwa kuandikishwa. Watoto wetu watatu wa kwanza walizaliwa kabla hatujapata, kwa hiyo nao njia yao ni ya kuandikishwa. Wa mwisho kazaliwa 2024. Huyu ni raia wa kuzaliwa, wa kwanza katika ukoo wetu upande huu wa bahari. Mwanangu mkubwa alisoma katiba shuleni akanijia na habari kwamba mdogo wake anaweza kugombea urais na yeye hawezi. Nilikifungua kitabu chake, kifungu cha 137, kinachotaka rais awe raia wa kuzaliwa, nikakuta ni kweli. Nyumba moja, mama mmoja, baba mmoja. Sikuwa na la kumjibu isipokuwa kwamba ubunge hakukatazwa, na bunge ndilo linalotunga sheria.

Kitu cha kwanza nilichofanya na kipande ni kubadilisha laini ya simu. Cha pili, mume wangu alikata leseni ya uvuvi kwa jina lake. Mama amejisajili SHA, bima ya afya ya serikali, na hospitalini siku hizi anajieleza mwenyewe, kwa sauti, na Kipemba chake chote.

Wako waliobaki. Orodha zilipoandikwa, wengine walikuwa dago mbali na nyumbani. Wako wenye asili ya Rwanda na Burundi ambao babu zao waliletwa na wakoloni kwenye mashamba ya chai ya Kericho, na wapo kati yao waliobaki bila kipande. Muda wa maombi uliowekwa na sheria ya 2011 uliongezwa mara moja, kisha ukaisha 2019, na tangu hapo kila jamii inategemea Rais aliyepo na siku aliyoamka nayo. Nataka muda huo uondolewe kwenye sheria kabisa, na mtu aweze kuomba akiwa mmoja, akiwa na majirani wawili watatu wa kusema wanamjua. Mbunge wetu nimemwandikia barua juu ya hilo, na chini yake nikaweka namba ya kipande changu.