Siku ubao wa juu ulipokaa kwenye miguu yake

Kwa muda mrefu nilikuwa napigia randa juu ya meza ya kawaida, na yeyote aliyewahi kufanya hivo anajua inavyokuwa, unasukuma randa na meza nayo inaondoka, nusu ya nguvu zako zinaishia kwenye miguu ya meza kuyumba, ubao unateleza, unautafutia kipande cha kuuzuia, unakipigilia misumari, kesho yake unakichomoa. Nikasema basi, natengeneza benchi la useremala lenyewe, lile la zamani la Kifaransa, zito, ubao wa juu mnene, miguu minene, na hakuna msumari hata mmoja. Mfaransa André Roubo alilichora na kulieleza karne ya 18, na yeye mwenyewe alikuwa seremala, hakuwa mtu wa kusimulia kazi za wenzake, nadhani ndo maana mpaka leo watu wanaiga michoro yake na benchi linafanya kazi.

Kilichonishika kwenye michoro ile ni kitu kimoja, miguu ya mbele iko sawasawa na ukingo wa ubao wa juu, haijarudi ndani kama ilivyo kwa meza. Yaani ukiwa na ubao mrefu unataka kuranda ubavu wake, unausimamisha mbele ya benchi, ncha moja inabanwa na jiliwa, kile kifaa chenye taya la kubana kazi, lililofungwa kwenye mguu, ncha ya pili inakaa juu ya kigingi kilichochomekwa mguu wa upande mwingine, na ubao unaegemea benchi kuanzia juu mpaka chini. Benchi zima linakushikia kazi. Mikono yako miwili inabaki kwenye randa tu.

Kazi ya kuunda vipande sitaisimulia yote maana ilikuwa ndefu na sehemu kubwa ni kukata, kupima, kukata tena. Ubao wa juu niliujenga kwa mbao za paini za unene wa sentimita 5, nikazilaza kwa ubavu na kuzigundisha moja baada ya nyingine mpaka nikapata upana wa sentimita 55 na unene wa 9, urefu mita 2. Kitu nilichokisimamia sana hapo ni nyuzi za mbao, kila kipande nilikiangalia nyuzi zinapanda kuelekea wapi nikachora mshale, na mishale yote ikaelekea upande mmoja, kwa sababu ukichanganya, siku ya kuranda utakuta hapa randa inateleza vizuri na hapo pembeni yake inang'oa nyama ya mbao. Urefu wa benchi kwenda juu sikuuchukua kwa mtu, nilisimama wima mikono ikining'inia nikapima kutoka sakafuni mpaka pale kidole cha mwisho kinapoungana na kiganja, hapo ndo benchi langu linapoishia.

Siku ya kusimamisha nilimwita mjomba, seremala wa siku nyingi, kwanza kwa sababu ubao ule peke yake una kilo kama 50 na haukai juu ya ndimi nne, zile ncha zilizochongwa juu ya miguu ziingie kwenye matundu ya ubao, ukiwa unaunyanyua mwenyewe, pili nilitaka awepo. Alifika, tukasalimiana, hakukaa hata kidogo, akaenda moja kwa moja kwenye miguu akaanza kupapasa viungo kwa dole gumba.

Tukaanza na fremu ya chini. Kila mbao ya kukingama ina ulimi unaoingia kwenye tundu la mguu, halafu kiungo kinafungwa na pini ya mbao ngumu. Uzuri uko kwenye tundu la pini, lile la kwenye ulimi halilingani na lile la kwenye mguu, nimelisogeza milimita 2 hivi kuelekea begani mwa ulimi, yaani pale ulimi unapoanzia na mbao inapokuwa pana, kwa hiyo pini ikigongwa inalazimika kujipinda kupita na ikipita inauvuta ulimi ndani mpaka bega linabana mguu. Haihitaji klampu, na gundi ikija kuchoka siku moja pini bado imeshika. Nilikuwa nimezichonga ncha ziwe nyembamba ili zitafute njia. Mjomba akashika nyundo ya mbao, akagonga ya kwanza, na wote wawili tukaona ule mwanya mwembamba wa begani ukifunga mbele ya macho yetu. Akasimama akaangalia. "Rudia nione," akaniambia, akanipa nyundo. Tukawa tunapokezana mpaka pini zikaisha, na mlio wa nyundo unabadilika ukifika mwisho, unakuwa mzito, hapo unajua imekaa, ukizidisha utapasua.

Halafu ikaja zamu ya ubao wa juu, na hapo ndo tulibishana. Mjomba akauliza gundi iko wapi, nikamwambia hapa hatuweki gundi. Akauliza skrubu je. Nikamwambia hapana mjomba, hata skrubu hatuweki, ubao utakaa kwa uzito wake na ndimi nne za juu ya miguu. Akanyamaza kidogo kisha akasema, "Mjomba, mimi nimefunga meza maisha yangu yote, skrubu mbili za usalama zinakukosea nini?" Nikamgeuzia ubao chini juu nikamwonyesha matundu. Yale ya miguu ya mbele yanabana ulimi barabara, ila ya nyuma nimeyapanua milimita 4 kila upande. Mbao inapokea unyevu wa hewa na kuutoa, kwa urefu wake haibadiliki kitu cha kuonekana, lakini kwa upana ubao wa sentimita 55 unaweza kucheza milimita kadhaa kati ya majira makavu na ya mvua. Ukiufunga pande zote, wenyewe utatafuta pa kutokea, kwa kupasuka au kwa kupinda miguu. Ukiushika mbele tu, ule ukingo wa mbele unabaki sawa na miguu na mchezo wote unahamia nyuma ambako hauharibu kazi. Akaingiza kidole kwenye tundu la nyuma, akapima ule upana kwa kucha, akasema haya, tunyanyue.

Tukaunyanyua, yeye huku mimi kule, tukaushusha taratibu tukizitafuta ndimi za mbele kwanza. Ukaingia nusu ukasimama. Akazunguka akigonga juu ya kila mguu kwa nyundo ya mbao, kidogo hapa kidogo pale asiuache upande mmoja utangulie, mpaka ukashuka wote ukagota. Mjomba akaweka tumbo lake kwenye ukingo akasukuma benchi kwa mwili mzima. Halikutoa hata mlio.

Mimi nikadhani atapumzika kumbe yeye ndo kwanza anaanza. Akachukua fito mbili nilizokuwa nimezinyoosha, akaweka moja kila mwisho wa benchi, akainama mpaka jicho likawa usawa wa fito, na kuniita nione. Ukitazama hivo fito ya mbali inatakiwa ionekane imelala sambamba na ya karibu, ikiinuka upande mmoja ujue ubao umejipinda. Kulia kwa mbali ilikuwa juu. Tukachorachora uso wote kwa penseli, tukaanza kuranda kwa kukatiza nyuzi, kwenda upana wa benchi, kwa sababu ukikatiza randa inakula haraka na haing'oi sana, kona zilizo juu zikapewa kazi zaidi, tukawa tunarudi kwenye fito kila baada ya muda. Penseli ilipofutika kila mahali na fito zikalala sambamba, ndo tukashika randa ndefu kufuata urefu wa mbao. Maranda yakatufika vifundoni.

Msasa sikuupitisha juu ya benchi na sitaupitisha. Chembe zake zinabaki kwenye mbao na baadaye zinaua makali ya kila patasi utakayoilaza pale, na uso uliolainishwa sana unafanya kazi iteleze. Nilipaka mafuta ya linsidi tu, nikafuta yaliyobaki juu, na vitambaa nikavitandaza nje kimoja kimoja vikauke, hilo nalisema kwa msisitizo kabisa, kitambaa chenye linsidi kikikunjwa na kutupwa kwenye lundo kinapata joto chenyewe na kinaweza kuwaka moto bila mtu kukigusa.

Mjomba kabla hajaondoka aliomba penseli na kipande cha karatasi akachukua vipimo vyote, hadi umbali wa matundu ya ule ubao wa chini wa jiliwa unaochomekwa pini ili taya libane kuanzia juu. Sasa ananipigia simu, mbao zake tayari ameshazigundisha, anauliza matundu ya nyuma aache milimita ngapi kwa ubao wa sentimita 60.