Tafakari ya Wiki: Enenda Tena

Andiko: 1 Wafalme 18:41–45

Wapendwa, mtumishi wa nabii Eliya alitumwa atazame upande wa bahari kama mvua inakuja, akarudi na jibu la kuvunja moyo: hakuna kitu. Akaambiwa aende tena, mara saba. Mara ya saba ndipo akaona wingu dogo, kadiri ya mkono wa mtu. Mchoraji aliyesimama shambani huku mvua ikijikusanya hapaswi kuona agizo hilo kuwa geni, maana wengi huchora wingu walilolizoea, si lile lililo mbele yao.

Mchoraji John Constable alikuwa mtoto wa mwenye vinu huko Suffolk, Uingereza, na ujanani alifanya kazi kwenye kinu cha upepo. Kwenye kinu, anga halitazamwi kwa starehe. Mwaka 1821 na 1822 alichora mawingu kule Hampstead, London, kwa rangi za mafuta juu ya karatasi, na nyuma ya nyingi akaandika tarehe, saa na upepo. Mchoro mmoja wa 11 Septemba 1821 unataja saa nne hadi saa tano asubuhi, mawingu ya kijivu cha fedha, upepo mwepesi. Halafu, usiku uliofuata, mvua. Bila shaka aliirudia karatasi ile baada ya kuweka brashi chini.

Anayetaka kujaribu atumie karatasi nene, ndogo, iliyopakwa rangi ya msingi isinyonye mafuta. Kijivu kitoke kwenye buluu ya ultramarini na kahawia ya siena, ndipo nyeupe iongezwe. Nyeusi na nyeupe tupu huleta kijivu kilichokufa. Matumbo ya mawingu yawe bapa, yakipungua na kubanana kuelekea upeo wa macho. Tena mbingu si lazima ing'ae kuliko ardhi: jua likipenya, shamba la ngano huwaka chini ya wingu jeusi. Mvua ya mbali huvutwa chini kwa brashi kavu, rangi ikiwa bado mbichi, kwa mshazari wa upepo.

Wingu litageuka kabla hujamaliza. Ukilifukuza, rangi zote huwa tope. Shika mpangilio wa dakika kumi za kwanza. Anga likibadilika kabisa, chukua karatasi nyingine, utazame upya.

Ngurumo ikisikika, funga vyombo uondoke uwandani, wala usijifiche chini ya mti wa pekee. Hata Eliya, kwa wingu dogo lile tu, alimtumia mfalme Ahabu neno atandike gari ashuke, mvua isije ikamzuia.