Jambiani kwa gari namba 309

Nilipotoka Mji Mkongwe juzi, dereva wa teksi alinitajia bei ya kwenda Jambiani, kijiji cha pwani ya kusini mashariki ya Unguja, nikashukuru nikaondoka. Nikapanda daladala namba 309. Ukitaka Nungwi ni 116, huko ni kaskazini kabisa. Namba ndiyo ya kushika, maana imeandikwa mbele ya gari.

Ile safari naipenda mpaka leo! Juu ya gari magunia ya mchele, ndoo na godoro la mtu. Ndani tumekaa goti kwa goti. Bibi mmoja wa Makunduchi (yeye alikuwa anashuka Paje aunganishe) akanisogezea nafasi: "Kaa mwanangu, gari haijai." Kweli haikujaa, maana kila kituo aliingia mtu.

Tulipofika msitu wa Jozani dereva alipunguza mwendo kwenye matuta. Bibi akanionyesha kima punju wawili wanavuka barabara, mama na mwanawe mgongoni. Asili ya kima hawa ni hapa Unguja tu, na matuta yale yaliwekwa kwa ajili yao, kwa sababu magari yalikuwa yakiwagonga. Gari zima tulinyamaza mpaka wakavuka.

Mkienda, bebeni chenji na mwulize mapema gari la mwisho la kurudi mjini, jioni huwa machache. Na mavazi ya heshima jamani, mle mna wazee na watoto wanatoka madrasa.

Jambiani nilikuta maji yamekupwa. Kina mama walikuwa mbali huko, wanafunga mwani kwenye kamba.