Dozi ya mmoja haiponyi wawili

Tabora, Jumapili usiku

Bumu, hela ya mkopo wa wanafunzi wa chuo, likitoka, mji huu huchangamka, na wiki chache baadaye maduka ya dawa karibu na hosteli nayo huchangamka. Hilo linaniuma. Kijana mkojo unamchoma, mwenzake anamwambia ni UTI, maambukizi ya njia ya mkojo, kumbe huenda ni ugonjwa wa zinaa, basi ananunua vidonge vinne kwa kuwa hela ya dozi nzima hana. Maumivu yakitulia, anaacha. Wadudu waliobaki ni wale sugu. Kisonono kimeshaizoea dawa ya siprofloksasini katika nchi nyingi, lakini bado watu wanaiomba kwa jina.

Wasichana wananitia wasiwasi zaidi, maana klamidia, ugonjwa mwingine wa zinaa, kwa wengi wao haioneshi dalili yoyote. Inapanda kimyakimya hadi kwenye mirija ya uzazi na kuacha makovu, na tatizo linajitokeza miaka kadhaa baadaye mtoto anapotafutwa. Tiba yake si ghali: doksisaiklini miligramu 100, asubuhi na jioni, siku 7. Mjamzito asiitumie, apewe dawa nyingine. Mwenza naye anywe dozi yake, hata kama anajisikia mzima, na wote wasikutane kimwili hadi siku 7 zipite. Akitibiwa mmoja, atarudishiwa ugonjwa kitanda kilekile.

Kaswende nayo inalaghai. Kidonda chake mara nyingi hakiumi, hutokea kama wiki 3 baada ya maambukizi, kisha hufunga chenyewe bila dawa. Mtu anashukuru Mungu, kumbe mdudu yumo kwenye damu. Kipimo cha damu ndicho kinachomfichua, na katika hatua za mwanzo hutibiwa kwa penisilini ya benzathini, yuniti milioni 2.4, kwa kawaida nusu tako hili, nusu lile.

Halafu kuna saa 72. Kondomu ikipasuka (na hupasuka kirahisi ikipakwa mafuta ya nazi au ya mgando), wanakimbilia P2, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba. P2 haizuii ugonjwa wowote. Ndani ya saa hizohizo kuna PEP, dawa za kuzuia VVU, zinazomezwa siku 28 bila kuruka, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Usingoje Jumatatu: hospitali ya mkoa, Kitete, inapokea wagonjwa wa dharura usiku pia. Kipimo cha VVU cha kesho yake hakitakwambia kitu kuhusu jana; rudia baada ya miezi 3.

Kumwambia mwenza ndiko kugumu kuliko sindano. Ukishindwa, mwambie mhudumu. Kuwaita wenza ni sehemu ya kazi yake.