Tunachanga Mei, tunapika Januari

Hapa Lubumbashi mtu anaweza kula sombe (kisamvu), lengalenga (mchicha) na samaki akashiba, lakini bila bukari, yaani ugali, atakuambia hajala. Na mahindi mengi ya bukari yanavuka mpaka wa Kasumbalesa kutoka Zambia. Mvua isiponyesha kule, huku mtaani kwetu Katuba tunalala mapema bila kula.

Mwaka 2024 tuliona. Mwisho wa Februari Rais Hakainde Hichilema wa Zambia alitangaza ukame kuwa janga la taifa, na huku mfuko wa unga wa kilo 25 ukawashinda wengi. Waliokuwa wananunua mfuko wakarudi kwenye meka, kipimo cha sokoni, wa meka wakashuka kwenye kikombe. Agosti mpaka wenyewe ukafungwa siku chache, eti ugomvi wa bia na limonadi. Mwenye njaa limonadi inamhusu nini?

Shirika letu la parokia lina kamati ya mapendo, nami ndiye mtunza hazina. Desturi ilikuwa kukusanya unga kila Noeli kwa ajili ya wajane, wagonjwa na wasio na kazi. Desturi nzuri, lakini hesabu haikukaa sawa: miezi hiyo mahindi mapya bado mabichi shambani, unga uko juu, na anayeombwa kuchangia naye anahangaika na sikukuu. Nikaomba mchango uhamie Mei na Juni, wakati magari yanaingia mjini na mahindi ya mavuno na faranga ileile inabeba zaidi. Tena tununue punje, si unga.

Aliyepinga zaidi ni papa mmoja, mzee mstaafu wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali. Yeye ni mtu wa posho: enzi zao kampuni ilimpimia mfanyakazi unga wa familia nzima, kabla mambo hayajaharibika na mpango wa 2003 kuwaondoa wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa kile kilichoitwa hiari. "Unga ni chakula, mwanangu," akasema. "Mahindi ni kazi."

"Ndiyo papa, lakini unga wa Juni utafika Januari?"

Alinyamaza. Juma lililofuata alikuja na chupa tupu ya kioo, kavu kabisa. Akatia konzi ya punje, akaongeza chumvi kavu, akafunga, akatikisa kwa nguvu, kisha akaiacha itulie. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado yana maji, yarudi juani. Ikianguka yote chini, weka. Tangu siku hiyo hatununui bila chupa. Muuzaji mmoja alinikasirikia mbele ya watu: "Mama, unanunua mahindi ao unapika?" Nilitikisa tu. Chumvi ilishika, tukaondoka.

Kutunza ndiyo kazi yenyewe, kuliko kukusanya. Tunatumia bidoni za plastiki zilizokuwa za mafuta ya kula, zimeoshwa na kuanikwa mpaka harufu iishe. Punje zinajazwa hadi shingoni, kifuniko kinakazwa, na hakifunguliwi hovyo: wadudu waliobaki ndani wanamaliza hewa, wanakufa wenyewe. Dawa za ungaunga za kuua wadudu nimezikataa. Sokoni mtu anaweza kukuuzia ya mbegu za kupanda akakuapia ni ya chakula. Mahindi yanayozidi bidoni yanakaa kwenye mifuko juu ya mbao, mbali na ukuta, maana mvua za Novemba zikianza ukuta unatoa jasho. Mlango una kufuli mbili, kila ufunguo kwa mtu wake, na daftari linasomwa kwa sauti baada ya sala. Wanaonung'unika hawakosekani.

Januari hatupangi mtu foleni. Majina yanaletwa na majirani wanaojua nyumba ambayo haijawasha moto, na hatuulizi mtu anasali wapi. Mahindi yanakwenda kusagwa, mwenye mashine anabaki na pumba za kuku wake badala ya malipo, na unga unafika jioni ndani ya mfuko mweusi wa plastiki, kama ule wa dukani. Hilo la mfuko lilitoka kwa mama mmoja mjane. Aliniambia mwaka wa nyuma alipokea unga kanisani mchana, akabeba kichwani kupita mbele ya wapangaji wenzake, na watoto wake wakaimbiwa uani kutwa nzima. Sasa wanadhani mama yao katoka sokoni.

Bado tunabishana kuhusu baba wanaouza unga ili wanywe. Mimi nasema apewe mama wa nyumba. Wengine wanasema hiyo ni kuingilia ndoa ya mtu.

Desemba watu wanaendelea kupiga simu, wanataka kuleta unga. Hatukatai, ila tunawaomba maharagwe, chumvi na mafuta, kwa sababu mahindi tayari yapo na mboga ndiyo inayopungua. Mwenye faranga tunamwomba atuwekee mpaka Mei.